Shosho Alisema Alishazaliwa

Jumapili iliyopita niliwaacha na sauti ya mwanamke kwenye simu yangu. Namba sikuijua. Sauti sikuijua.

"Mimi ni Mama Wangare wa Kabatini," alisema. "Hiyo kitu ya leo jioni usiitoe kabla tuonane."

Akakata.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, labda gazeti umelikuta limefungiwa mandazi, nitakueleza haraka ili twende pamoja. Mimi ni Nekoye, mama ya Nasimiyu, wa hapa Section 58, Nakuru. Mume wangu ni Gathogo, yule wa podikasti ya Kabatini. Wiki ya sita ilikuwa inaisha tangu wanaume wanne wamtoe kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu na kumwingiza kwenye gari jeupe mchana watu wakiona. Nilizunguka vituo. Nilizunguka hospitali. Nilizunguka na kule ambako mtu hupewa barakoa kabla ya kufunguliwa mlango. Kote hakuwepo.

Podikasti iliitwa Kabatini kwa sababu alirekodi ndani ya kabati letu la nguo. Makoti na mashuka hula mwangwi, alisema. Watu wa Kabatini yenyewe, ile ya upande wa Bahati, walidhani ni mtu wao na wakawa wanamtumia salamu.

"Si uwaambie ukweli?" nilimuuliza.

"Wacha wafikirie hivyo," alisema akicheka. Mimi pia nilicheka.

Kicheko hicho kikumbuke.

Alianza kwa kuongea juu ya uji na nepi, mambo ya baba kijana anayejifunza. Halafu siasa ikaingia, kwa sababu ukiongea juu ya mtoto Kenya hii, siasa huja yenyewe. Mtoto akiugua, utauliza dawa iko wapi. Mtoto akitaka kucheza, utauliza uwanja uko wapi. Kipindi chake cha mwisho kilikuwa juu ya uwanja wa shule moja ya msingi uliozungushiwa mabati na mheshimiwa mmoja.

"Mheshimiwa," alisema Gathogo, "mtoto wangu akiniuliza uwanja ulienda wapi, nimwambie nini? Nimwambie ulihama?"

Watu walicheka mji mzima. Siku ya tatu gari likaja.

Tangu hapo mimi ndiye niliyeingia kabatini. Mara ya kwanza nililia tu, na kilio kikawekwa hewani hivyo hivyo. Lakini kipindi cha Jumamosi ile hakikuwa cha kulia. Nilikuwa nimetaja jina la mheshimiwa, lote, na la baba yake. Maxwel, rafiki wa Gathogo anayeshughulikia mitambo kutoka kwake Kiamunyi, alikuwa ameshakipanga. Saa moja jioni kingetoka.

Hiyo ndiyo "hiyo kitu" ambayo Mama Wangare alitaka nisitoe.

*

Sebuleni, Shosho alikuwa anaambua minji, zile njegere mbichi. Ni mama yake Gathogo. Alitoka Njoro juma lile mwanawe alipochukuliwa, na begi moja, na hajarudi. Nasimiyu wangu, miaka mitatu, alikuwa anaiba minji moja moja na kuitia kwenye kikombe chake.

"Shosho, kuna mwanamke amenipigia," nikasema. "Anajiita Mama Wangare."

Kidole chake kikasimama katikati ya ganda.

Wangare ni jina la Shosho mwenyewe. Na mimi, ingawa ni Mbukusu wa Kimilili, najua Wakikuyu huita msichana wa kwanza jina la mama ya baba. Hilo hata Nakuru yote inalijua.

"Wangare ni wengi," Shosho akasema. "Kanisa yetu peke yake tuko watatu."

"Huyu ni wa Kabatini."

Akaendelea kuambua. Lakini sasa maganda yalikuwa yanaingia kwenye sufuria na minji inaanguka sakafuni.

"Shosho, niangalie."

"Si nilikuambia," akasema bila kuniangalia.

"Uliniambia nini? Lini?"

"Siku ile ya wodi. Na mwanangu akiwa hapo. Nilikuambia mimi nilishazaliwa."

Msomaji wangu, wacha nikurudishe wodini kidogo.

Ilikuwa Aprili, mvua inapiga bati hadi manesi wanapigiana kelele. Nilikuwa na mtoto wa masaa sita. Nilikuwa nimejitayarisha kumwita Wangare, hata nilikuwa nimezoeza ulimi wangu usitie vokali za kwetu. Shosho akaingia na uji kwenye chupa ya chai, akamchukua mtoto, akamtazama sana. Halafu akasema:

"Mimi nilishazaliwa. Huyu mpeni wa kwao mama yake."

Nilicheka hadi mishono ikaniuma. Nilidhani anasema hakuzaliwa jana. Nilidhani anasema yeye ni mtu mzima, ameona mengi, hahitaji kubembelezwa na jina. Nikamwambia mama wa kitanda cha pili, "Mama mkwe wangu hana makuu, umeona?" Gathogo alikuwa anaangalia dirishani. Nilidhani anaangalia mvua.

Basi mtoto akaitwa Nasimiyu, jina la mama yangu. Ndugu zangu Kimilili walicheka, kwa sababu Nasimiyu ni mtoto wa kiangazi na huyu alizaliwa mito ikifurika. Nikawajibu kwa maringo: "Chekeni tu. Ni Mkikuyu gani mnamjua ameacha jina la mama yake likae, achukue la mama yenu? Huyu mtu ananipenda."

Hata niliandika insha juu yake. Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, Gathogo akibaki na mtoto. Niliiita "Zawadi ya Jina." Mwalimu Owuor alinipa kumi na sita kwa ishirini na akaisomea darasa. Ndiye aliyeniambia niendelee kuandika. Kwa hiyo hata haya mnayosoma kila Jumapili yalianza na uongo ule.

Shosho aliweka sufuria chini. Alinielezea polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Kwetu, mtoto akipewa jina lako, tunasema umezaliwa. Umerudi. Nikisema nilishazaliwa, nasema kuna mtoto tayari anaitwa mimi."

"Na wewe ulizaa mtoto mmoja tu."

"Mmoja tu. Gathogo."

Hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi.

"Na nikasema huyu mpeni wa kwao mama yake," akaongeza. "Si hiyo ndio ya msichana wa pili? Nilikuona unacheka. Nikasema moyoni, huyu msichana wa Kimilili ana roho kubwa. Ameambiwa mbele ya watu na amecheka."

"Miaka mitatu umekuwa ukifikiri najua?"

"Miaka mitatu nimekuwa nikikusifu kwa kina mama wa kanisa."

Tulitazamana. Sijui ni nani alianza kulia. Nasimiyu alikuja na kikombe chake cha minji akampa nyanya yake moja, akanipa mimi moja, akarudi kucheza.

*

Niliingia kabatini nikafunga mlango. Makoti yake bado yananukia risasi ya kuchomea simu. Nikaanza kusikiliza vipindi vya zamani, vile ambavyo nilivijua kwa moyo, na sasa nikavisikia kwa mara ya kwanza.

"Jana mtoto wangu ameng'oka jino la mbele," Gathogo anasema. "Ameniambia nilitupe juu ya bati. Nikamwambia mimi nimetupa mengi, sijawahi kuona bati ikinirudishia kitu."

Wakati huo Nasimiyu alikuwa na meno sita, yote mapya. Nakumbuka nilimuuliza, "Ni jino gani hilo?" Akasema, "Ni hadithi, mama. Wasikilizaji wanapenda jino."

Kipindi kingine: "Nimejifunza kusuka nywele. Mistari minne, imepinda kama barabara ya mashambani, lakini mtoto amekaa nayo wiki nzima na hakunitoa aibu." Nasimiyu nywele zake hata kibanio hazishiki.

Kipindi kingine: jinsi mtoto alivyompotea sokoni dakika kumi, na jinsi alivyomfundisha namba ya simu ya nyumbani kwa wimbo, ili akipotea tena aiimbe kwa mtu yeyote.

Nilidhani mume wangu ana kipaji cha kutunga. Nilikuwa najivunia. Kumbe hakutunga hata moja. Watu elfu thelathini waliambiwa ukweli kila wiki. Aliyedanganywa ni mimi, niliyekuwa nje ya mlango wa kabati nikimnyamazisha mtoto ili baba yake arekodi.

Na kunyamaza kwetu kulikuwa na neno lake. Akishaingia, kabla ya kuwasha maikrofoni, alikuwa anaita kutoka ndani: "Kabati limejaa!" Hapo nazima redio, naweka mwiko chini, namkalisha Nasimiyu mapajani. Hakuna kusema, hakuna kuburuta kiti, mpaka atoke. Neno hilo halikuwahi kwenda hewani. Lilikuwa la humu ndani tu.

Liweke hilo pia.

*

Saa kumi na moja jioni, hodi.

Nilipofungua, nilimwona kwanza mtoto. Miaka tisa hivi, sweta ya shule, kitambulisho sikuhitaji. Kipaji kile cha uso. Na kichwa kimelala upande kidogo, vile Gathogo hukilaza ukimuuliza swali asilolipenda.

Nyuma yake mama, mrefu kunishinda, unga umemkaukia kwenye mikono hadi kiwiko.

"Naitwa Trizah," akasema. "Ndio Mama Wangare."

Kabla sijajibu, Shosho alikuwa amesimama na minji yote ikamwagika kutoka mapajani. "Mimi mdogo!" akaita. Mtoto akanipita akikimbia, "Shosho!" akamrukia shingoni.

Walikuwa wanajuana. Nilidhani la wodini ndilo lingeniuma kuliko yote. Hapana.

"Karibu," nikamwambia Trizah. "Kaa hapo. Hicho ndicho kiti cha Gathogo, lakini nadhani mwenzangu unakijua."

"Sijawahi kuingia hapa, Mama Nasimiyu. Na sikuja kukaa."

"Kumbe unanijua jina."

"Nani hakujui? Tangu zamani nakuskia ukikohoa huko nyuma ya podikasti."

"Mimi sikohoi."

"Unakohoa. Wangare hukuita Auntie wa Kikohozi."

Mtoto akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Shosho akatazama dari. Na mimi, wallahi sijui ilitoka wapi, nikakohoa.

Trizah nusura acheke, akajizuia. Hapo nikajua sitaweza kumchukia vile nilivyokuwa nimepanga tangu mchana.

"Alikuoa?" nikauliza.

"Tulikuwa na miaka ishirini. Ingine muulize akirudi. Mimi najua tu Jumamosi asubuhi huja, anamsuka mtoto, anaenda. Kwako alikuwa anasema ameenda wapi?"

"Kununua spea."

"Basi mimi ndio duka la spea." Akafuta macho kwa kiwiko chenye unga. "Skiza. Hatukukuja kwa hiyo. Wangare, toka hapo kwa Shosho. Ambia Auntie vile Baba alisema."

Nilishika mlango.

"Vile Baba alisema lini?"

"Jana," mtoto akasema. "Nikitoka shule. Mum alikuwa anapika chapo, mikono iko na unga, nikashika simu. Haikuwa na jina. Nikasema hallo. Akasema, Wangare?"

"Ulijuaje ni yeye?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba kunanyesha. "Si ni Baba."

"Halafu?"

"Akasema, ambia Mama Nasimiyu kabati limejaa. Nikasema, ati nini? Akasema tena, kabati limejaa, umeshika? Nikasema nimeshika. Halafu akaniuliza kama lile jino la juu limeanza kutoka. Nikasema bado kidogo. Ikakatika."

Nilikaa chini palepale, juu ya minji.

Yuko hai. Nimeandika maneno haya mawili hapa, nikayafuta, nikayaandika tena, kwa sababu mkono wangu haujazoea. Yuko hai. Hakuna mtu duniani angeweza kumpa mtoto wa Kabatini neno lile ila yeye.

Shosho alipiga magoti akaanza kuomba kwa Kikuyu, kwa haraka, kama mtu anayeogopa laini itakatika. Nasimiyu alipomwona akapiga magoti naye, akafumba macho, kikombe mkononi.

Nililia kwa furaha, msomaji wangu. Nililia kwa furaha mpaka lile la pili likanifikia.

"Kwa nini alikupigia wewe?"

Trizah alikwangua unga uliomkaukia mkononi.

"Hata mimi nilijiuliza hivyo usiku kucha," akasema. "Sitakudanganya, nilifurahi kidogo. Nikasema, kumbe ni mimi. Asubuhi Wangare akanikumbusha. Imba, Wangare."

Mtoto akaimba. Ilikuwa sauti ya mchezo wa kuruka kamba, sufuri saba na zingine zake zikifuatana, mwisho akipiga makofi mawili. Namba ya mama yake.

"Alimfundisha hiyo alipopotea sokoni," Trizah akasema. "Wakaiimba hapo kwangu mwezi mzima, nilikuwa karibu kuwafukuza. Namba za watu wengine ziko ndani ya simu, na simu walimnyang'anya. Hii yangu ndio iko kwa kichwa. Yako haijui, Mama Nasimiyu. Si eti hakutaka."

Nikajaribu kuisema namba ya Gathogo kimoyomoyo, namba ambayo nimeipiga kila siku kwa miaka mitano. Nilifika tarakimu ya nne, nikakwama.

Mwanamume alimfundisha mtoto njia ya kupatikana, na aliyekuja kuitumia ni yeye mwenyewe.

*

"Sasa hiyo kabati ni nini?" Trizah akauliza. "Mimi niliposkia kabati nikajua ni mambo ya podikasti. Na jana ulitangaza leo utataja mtu jina. Nikaona heri nikuzuie kwanza, nielewe baadaye."

Nikamwelezea. Maana yake ni tunyamaze.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Nikampigia Maxwel.

"Niaje, Mama Nasi! Kitu iko tayari. Saa moja kamili inachapa."

"Iondoe, Max."

"Ati?"

"Yuko hai. Ametuma neno tunyamaze."

"Wewe umeongea na yeye?"

"Mtoto wake ameongea na yeye."

"Nasi?"

"Hapana. Wa kwanza."

Hakuuliza, wa kwanza gani. Kwa hiyo nikajua kitu kingine tena siku hiyo ambayo nilikuwa nimejua mengi.

"Hata wewe ulijua," nikamwambia.

"Shemeji, hiyo tutaongea. Lakini skiza kwanza. Hao watu wanaweza kumwekea simu kwa sikio wakamwambia sema hivi. Nani anafaidika ukinyamaza? Ni wao. Kelele yako ndio imemweka hai wiki sita. Ukizima leo, kesho Nakuru inaongea juu ya mpira."

Alisema kweli. Hilo silikatai hata leo ninapoandika. Nimesikia akina mama wengine wakisema hivyo hivyo: mtoto wako akichukuliwa, piga kelele, asisahauliwe.

"Usizime!" Shosho akasema kutoka pale chini. "Mimi ni mama yake. Tajeni huyo mtu mpaka akose usingizi."

"Zima," Trizah akasema. "Mimi nimeskia sauti ya mtoto akiniambia baba yake ameuliza jino. Mtu anayetaka kelele angeuliza jino?"

Wote wakanigeukia. Mwezi mmoja nilikuwa nimezoea kuongea na elfu thelathini bila kuogopa. Mbele ya wanawake wawili niliogopa.

Nikawaza hivi. Kama walimlazimisha, wangemwambia aseme nyamaza. Lakini yeye alichagua kabati. Na Gathogo, kwa uongo wake wote ambao nimeugundua leo, neno hilo hajawahi kulichezea. Alisema kabati limejaa alipokuwa ndani, akijua atatoka. Haijawahi kutokea aseme vile halafu mlango usifunguke.

Huenda ni ujinga. Ni huo tu niliokuwa nao.

"Iondoe, Max."

"Ikiharibika?"

"Ni juu yangu."

Akashusha pumzi. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Nimeiondoa," akasema. "Mungu atusaidie, Mama Nasi."

*

Saa moja ilifika ikapita.

Simu yangu ilianza kutetemeka juu ya meza. Jumbe za wasikilizaji. Mama Nasimiyu, iko wapi? Wamekununua pia? Mtu mmoja aliandika: Nilijua tu. Sikujibu hata mmoja.

Hakuna aliyesema kitu humu ndani. Redio ilikuwa imezimwa. Chakula hakikupikwa. Wangare alikuwa amekaa sakafuni na Nasimiyu, anamwonyesha pengo lake la jino, na Nasimiyu anajaribu kuziba pengo kwa punje ya minji. Walikuwa wanacheka bila sauti. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Nadhani damu iliwaambia kwamba kabati limejaa.

Nilimwangalia Wangare mistari yake ya nywele. Ilikuwa imeanza kufumuka, nywele changa zimesimama kote. Wiki sita. Kumbe mtoto alikuwa amekataa kusukwa na mtu mwingine.

"Njoo," nikamwambia. Akamtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa kukubali. Akaja akakaa kati ya magoti yangu, na sikumfumua, nilimlainisha tu pembeni na mafuta ya Nasimiyu.

Saa moja na robo, simu ikalia. Ilikuwa ya Trizah.

Haikuwa na jina.

Trizah aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akaninyooshea.

"Chukua wewe. Ujumbe ulikuwa wako."

Nikabonyeza. Nikaweka sauti kubwa, wote wasikie.

"Habari ya jioni." Ni mwanamume, na si Gathogo. Sauti ya upole, kama ya mtu anayeuza bima. "Tumeona mmenyamaza. Hiyo ni vizuri sana. Mtu wenu anaweza kurudi nyumbani kesho asubuhi."

Shosho alijishika kifua.

"Atachukuliwa na mtu mmoja," sauti ikaendelea. "Bibi yake, yaani mke wake. Akuje na kitambulisho, bila simu, bila marafiki. Tumemuuliza Gathogo jina la bibi yake na ametuambia. Sisi tutamkabidhi huyo pekee. Akija mwingine, hatutakuwepo, na hamtatupata tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema.

"Basi niambieni jina, nione kama inaingiana na yenye tuko nayo."

Hata asubuhi ya siku hiyo hiyo ningejibu kabla hajamaliza. Ningelisema jina langu lote, na la baba yangu, na la shule niliyofanyia mtihani. Lakini wazee wa Njoro hawajawahi kufika Kimilili kupeleka mahari. Mwaka huu, mwaka ujao, ndivyo Gathogo alivyokuwa akisema, na sikuwahi kumuuliza kama kuna kwingine walikofika kwanza.

Nikamwangalia Trizah. Alikuwa ananiangalia mimi. Niliona kwamba hata yeye hajui.

"Hallo?" sauti ikasema. "Ni swali rahisi. Bibi ya Gathogo anaitwa nani?"

Kulikuwa na mtu mmoja tu mle ndani aliyejua mwanawe aliwatuma wazee kwa nani. Alikuwa amepiga magoti kwenye minji, mkono mmoja juu ya kichwa cha Wangare na mwingine juu ya kichwa cha Nasimiyu. Aliniangalia kwa muda mrefu, kwa huruma, vile alivyoniangalia siku ile ya wodi.

Halafu Shosho akainamia simu, akafungua mdomo.